Wakiandamana Dhidi ya Mabenki: Namna ya Kusoma Habari Zao

Bei ya unga ikipanda na watu wakaingia barabarani, mwandishi wa habari hana kazi kubwa ya kueleza. Kila msomaji ananunua unga. Lakini watu wakiandamana dhidi ya mabenki, soko la hisa au kampuni za mikopo, mambo hubadilika. Kosa linalolalamikiwa limo ndani ya mikataba, riba, dhamana na hesabu ambazo ni wachache waliozisoma. Mlalamikiwa naye haonekani barabarani. Yuko ghorofani nyuma ya vioo. Wanaoonekana ni waandamanaji peke yao: mavazi yao, kelele zao, mahema yao, na polisi waliowazunguka. Kwa hiyo msomaji humtegemea mtangazaji, mhariri na mwanasiasa wamweleze shida ni nini, na hapo ndipo wengi hupotezwa bila kuambiwa hata uongo mmoja.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila msomaji awe nacho. Ukimaliza kusoma au kusikiliza habari ya maandamano ya namna hii, jiulize: sasa ninajua wanalalamikia nini? Na je, nimeambiwa kama malalamiko hayo yana ukweli? Kama jibu ni hapana, umepewa habari za watu, hukupewa habari ya jambo lililowatoa nyumbani. Mengine yote yaliyomo katika makala hii yanakusaidia kukitumia kipimo hicho.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni Occupy Wall Street, vuguvugu lililoanza New York mwaka 2011. Miaka imepita ya kutosha: nyaraka zilizokuwa siri zimetoka, kesi zimemalizwa, na tunaweza kulinganisha kilichosemwa siku ile na kilichokuja kujulikana. Jina lake limefika hata kwetu. Mei 2013, wanaharakati wa Nairobi waliopinga wabunge kujiongezea mishahara walipeleka nguruwe mbele ya Bunge na kuiita shughuli hiyo Occupy Parliament. Juni 2024 vijana wa Kenya walilitumia tena jina hilohilo walipoupinga Muswada wa Fedha.

Kilichotokea New York

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani liliidhinisha mpango wa dola bilioni 700 wa kuinusuru sekta ya fedha. Mamilioni ya familia zilizokuwa zimekopa kununua nyumba zilishindwa kulipa na nyumba zao zikatwaliwa. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kuona jirani akichukuliwa vyombo na wakopeshaji wa kausha damu anaijua hali hiyo, ingawa kule ilikuwa nyumba nzima na mkopeshaji alikuwa benki yenye jina kubwa. Miaka mitatu baadaye, ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa bado unakaribia asilimia 9, na kampuni za Wall Street, mtaa wa mabenki na masoko ya fedha New York, zilikuwa zimerejea kulipana bonasi nono.

Julai 2011 jarida la Adbusters la Vancouver, Kanada, lilitoa wito kwa watu kukusanyika Wall Street. Waandaaji walikuwa wameona uwanja wa Tahrir wa Cairo na kambi za Madrid mapema mwaka huohuo. Tarehe 17 Septemba mamia ya watu walijitokeza, na walipozuiwa kwingine wakaingia Zuccotti Park, uwanja mdogo wenye sakafu ya mawe na miti karibu na Wall Street. Uwanja huo haukuwa wa jiji. Ulikuwa mali ya kampuni ya Brookfield, ambayo kwa makubaliano na jiji ilitakiwa kuuacha wazi kwa umma saa 24. Kwa sababu hiyo polisi hawakuweza tu kufunga lango usiku na kuwaambia watu waende zao.

Vipaza sauti vilihitaji kibali, nao hawakuwa nacho. Basi mzungumzaji alisema maneno machache, waliokuwa karibu wakayarudia kwa pamoja, na waliokuwa nyuma yao wakayarudia tena, mpaka sentensi ikafika mwisho wa uwanja. Hotuba ya dakika 5 iliweza kuchukua 15. Kila mtu alilazimika kutamka kwa kinywa chake maneno ya mwenzake, hata yale asiyokubaliana nayo. Runinga nyingi zilionyesha jambo hilo kama kituko, na chache zilieleza kwamba chanzo chake ni sheria ya vibali vya jiji.

Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba wao ni asilimia 99. Haikuwa kelele tupu. Oktoba 2011 Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, chombo cha serikali kisicho na chama, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya 1979 na 2007 kipato baada ya kodi cha asilimia 1 ya matajiri wakubwa kabisa kiliongezeka kwa asilimia 275. Cha moja ya tano ya watu wa chini kiliongezeka kwa asilimia 18. Hizo ndizo takwimu ambazo kila habari ya Zuccotti Park ilipaswa kuwa nazo ndani yake.

Mavazi kwanza, madai baadaye

Mwaka 1984 watafiti Joseph Chan na Chin-Chuan Lee, waliochunguza magazeti ya Hong Kong, walieleza kwamba vyombo vya habari vina kawaida yao ya kuripoti maandamano: huangalia sura na vituko vya waandamanaji, hutafuta maelezo kwa polisi na maofisa, na huacha sababu pembeni. Watafiti wengine waliofuata wameikuta kawaida hiyo katika nchi nyingi. Ukishaijua, huwezi tena kutoiona.

New York iliifuata barabara. Siku za mwanzo vyombo vikubwa viliandika kidogo sana. Makala mojawapo ya mapema ya New York Times, ya tarehe 23 Septemba, ilianza na mwanamke aliyekuwa akicheza nusu uchi uwanjani. Mwanamke huyo alikuwepo kweli. Lakini msomaji aliyeanza na yeye alishapewa picha ya kundi zima kabla hajasikia neno moja kuhusu nyumba zilizotwaliwa.

Kilichowaamsha wahariri hakikuwa ripoti ya uchumi. Tarehe 24 Septemba, karibu na Union Square, ofisa mwandamizi wa polisi aliwapulizia dawa ya pilipili wanawake waliokuwa wamekwisha kuzingirwa kwa wavu wa plastiki wa rangi ya chungwa. Mtu alirekodi, na video ikasambaa dunia nzima. Msemaji wa polisi alisema mwanzoni kwamba dawa ilitumika ipasavyo. Baadaye idara yenyewe ilimwadhibu ofisa huyo kwa kumnyang'anya siku 10 za likizo. Wiki moja baada ya video hiyo, tarehe 1 Oktoba, zaidi ya watu 700 walikamatwa kwenye Daraja la Brooklyn. Hapo kamera zikaja kwa wingi. Ndiyo kusema, kisa kilipata nafasi kwa sababu ya makabiliano, na habari ikawa makabiliano.

Ukiona habari ya namna hiyo, ihesabu kwa vidole: aya ngapi zinahusu vurugu, mavazi, takataka na foleni ya magari, na ngapi zinahusu benki? Nimewahi kufanya hivyo na wanafunzi wa sekondari kwa kalamu mbili za rangi, na hakuna zoezi lililowafungua macho haraka kuliko hilo. Wale waliodhani gazeti lao limeeleza kila kitu walikuta ukurasa mzima una rangi moja.

Halafu kuna maneno utakayoyasikia kila mara: “hawajui wanachotaka.” Kuhusu Occupy maneno haya yalikuwa na nusu ya ukweli. Wengi uwanjani walikataa kwa makusudi kutoa orodha ya madai, wakiamini kwamba kudai kitu kwa serikali ileile iliyookoa mabenki ni kujinyima nguvu. Uamuzi huo uliwagharimu, na kuusema hivyo ni haki. Lakini tarehe 29 Septemba mkutano wao mkuu ulikuwa umepitisha tamko refu lenye malalamiko yaliyotajwa moja baada ya jingine: nyumba kutwaliwa kinyume cha sheria, mabenki kuokolewa kwa fedha za walipa kodi huku wakuu wake wakipokea bonasi, wanafunzi kubebeshwa madeni. Mtangazaji aliyesema mwezi Oktoba kwamba hawana hoja alikuwa hajalisoma, au alilisoma akanyamaza.

Swali la kweli linaloficha swali kubwa

Tarehe 3 Oktoba 2011 mtangazaji Erin Burnett wa CNN, katika siku ya kwanza ya kipindi chake kipya, alimwuliza kijana mmoja uwanjani kama anajua kwamba walipa kodi walipata faida kutokana na kuokolewa kwa Wall Street. Kijana hakujua. Kipindi kikaendelea kana kwamba mjadala umekwisha.

Tuliangalie kwa utulivu, maana hapa msomaji makini anaweza kujifunza mengi. Aliyoyasema Burnett yalikuwa na msingi kwa upande wa mabenki: serikali iliweka takriban dola bilioni 245 katika mabenki na mwishowe ikarudishiwa takriban bilioni 275. Kumwita mwongo kungekuwa kosa. Ila vijana wale hawakulala juu ya mawe kwa sababu ya mkopo usiorudishwa. Walilalamikia kwamba aliyesababisha hasara alinyanyuliwa mara moja, na aliyepoteza nyumba akaachwa palepale. Faida ya serikali hailijibu lalamiko hilo. Mara nyingi jibu la mwenye nguvu huja hivi: takwimu sahihi, ya jambo jingine. Ukikutana na takwimu, irudishe kwenye lalamiko na uulize kama vinakutana.

Jambo la pili ni kumjua anayeuliza. Burnett aliwahi kufanya kazi katika mabenki ya Goldman Sachs na Citigroup kabla ya kuwa mtangazaji. Hilo pekee halimfanyi mtu kuwa mpotoshaji. Mtu aliyefanya kazi benki anaweza kuijua benki vizuri kuliko sisi sote. Lakini msomaji ana haki ya kuambiwa. Vivyo hivyo kwa Meya wa New York wa wakati ule, Michael Bloomberg, aliyesema kwamba waandamanaji wanataka kuwaondolea ajira watu wanaofanya kazi mjini humo. Utajiri wake umetokana na kampuni inayowauzia wafanyabiashara wa masoko ya fedha mitambo ya taarifa, na mwenzi wake, Diana Taylor, alikuwa mjumbe wa bodi ya Brookfield, wenye Zuccotti Park. Yote hayo yalikuwa wazi kwa umma. Hayakuhitaji upelelezi, yalihitaji sentensi moja tu ndani ya habari.

Wanasiasa: wanaolaumu, wanaotisha na wanaokumbatia

Herman Cain, aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya Republican, aliwaambia waandamanaji wasiilaumu Wall Street wala mabenki makubwa. Asiye na kazi na asiye tajiri ajilaumu mwenyewe. Newt Gingrich, naye mgombea, mwezi Novemba aliwashauri watafute kazi, baada ya kuoga kwanza. Eric Cantor, kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, alizungumzia makundi ya fujo yanayoongezeka. Siku chache baadaye alilegeza lugha. Mitt Romney aliita jambo hilo vita vya kitabaka na kusema ni hatari.

Maneno ya aina hiyo ni rahisi kuyatambua. Yanamshambulia mtu na kuacha hoja yake. London, Oktoba mwaka huohuo, mbunge wa Conservative Louise Mensch alisema katika kipindi cha runinga cha BBC kwamba wapinga ubepari wale wananunua kahawa ya Starbucks na kutumia iPhone. Miaka 13 baadaye, Nairobi, upande wa serikali ulisema kuhusu vijana waliopinga Muswada wa Fedha kwamba wana iPhone, wanakuja kwa Uber na kwenda kula kuku KFC. Kahawa kule, kuku huku. Katika miji yote miwili, swali la kama riba au kodi ni ya haki halikuguswa, maana mwenye simu nzuri hutozwa makato ya benki sawasawa na asiye nayo, na hoja haibadiliki kwa chakula cha anayeitoa.

Wanaohitaji uangalifu zaidi ni wale wanaokumbatia. Tarehe 6 Oktoba Rais Barack Obama alisema maandamano yanaonyesha uchungu walio nao Wamarekani, na katika mazungumzo hayohayo akasisitiza kwamba nchi inahitaji sekta ya fedha yenye nguvu. Nancy Pelosi, kiongozi wa Democratic katika Baraza la Wawakilishi, aliwaombea heri. Hata Ben Bernanke, mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani wakati ule, aliiambia kamati ya Bunge kwamba watu wana sababu ya kuilaumu sekta ya fedha na kwamba hawezi kuwalaumu kwa hasira yao. Maneno mazuri, na huenda yalitoka moyoni. Lakini mwanasiasa anayekukumbatia jukwaani mtafute kwenye kumbukumbu za kura: alipigia kura muswada gani, alichangiwa na nani, alimteua nani kusimamia fedha? Wafanyakazi wa Goldman Sachs walikuwa miongoni mwa makundi yaliyomchangia Obama zaidi mwaka 2008. Gazeti linaloripoti huruma ya kiongozi bila kuweka kumbukumbu hizo pembeni limefanya nusu ya kazi.

Wakati hayo yakisemwa hadharani, mengine yalipangwa ofisini. Novemba 2011 kituo cha MSNBC kilifichua waraka wa kampuni moja ya ushawishi wa kisiasa ya Washington, uliopelekwa kwa Chama cha Mabenki cha Marekani. Kampuni iliomba dola 850,000 ili kwa siku 60 ichimbe habari za waandaaji wa Occupy na wafadhili wao, na kutengeneza ujumbe wa kuwapunguzia nguvu. Chama cha Mabenki kilikiri kuupokea na kusema hakikuufanyia kazi. Kinachonishtua mimi katika waraka ule ni hofu iliyomo. Waandishi wake walionya kwamba hata Republican wanaweza kuyatupa mabenki iwapo hasira ya Occupy itakutana na hasira ya wafuasi wa Tea Party, vuguvugu la wahafidhina. Hadharani waandamanaji walikuwa wavivu wasio na hoja. Ndani ya waraka walikuwa tishio la kulipiwa fedha nyingi.

Siku kadhaa baadaye mshauri wa mawasiliano Frank Luntz aliwaambia magavana wa Republican huko Florida kwamba vuguvugu hilo linamtia hofu kubwa, akawafundisha maneno ya kuacha na ya kutumia. Wasiseme “ubepari”, waseme uhuru wa kiuchumi. Wasiseme “bonasi”, waseme malipo kulingana na utendaji. Wasizungumzie kuwatoza matajiri kodi, wazungumzie serikali kuchukua cha watu. Ukisikia viongozi watano wa chama kimoja wakitumia maneno yaleyale ndani ya wiki moja, fahamu kwamba kuna mtu aliyewaandikia.

“Nani anawalipa?”

Swali hili huulizwa kila mahali, na si swali baya. Ubaya uko katika kuliuliza bila kulijibu. Oktoba 2011 shirika la Reuters lilichapisha habari iliyodokeza kwamba tajiri George Soros yuko nyuma ya Occupy. Ushahidi ulikuwa mnyororo: taasisi ya Soros iliwahi kulipa fedha shirika la Tides, na Tides kwa miaka iliyotangulia iliwahi kuipa Adbusters ruzuku. Soros alikanusha, na haukupita muda Reuters ikatoa habari mpya yenye kichwa kinachosema kinyume. Ile ya kwanza ilikuwa imeshasomwa na wengi. Julai 2024 Rais William Ruto aliishutumu Ford Foundation kwa kufadhili ghasia nchini Kenya. Taasisi hiyo ikakanusha kwamba ilifadhili maandamano.

Mtu akikuambia waandamanaji wamelipwa, mwulize mambo matatu: kiasi gani, lini, na kwa nani. Akikosa hata moja, hana habari. Kisha uliza la nne: kama wamelipwa, je, malalamiko yao yamekuwa ya uongo kwa sababu hiyo? Mzee wa mtaa akilipiwa nauli kwenda kulalamika kuhusu maji machafu, maji hubaki machafu.

Kwa haki hiyohiyo, waandamanaji nao na wanaowaunga mkono hukosea. Oktoba 2011 zilisambaa taarifa kwamba benki ya JPMorgan Chase imeupa mfuko wa polisi wa New York dola milioni 4.6 ili wawapige Occupy. Fedha zilitolewa kweli na kiasi ni hicho. Ila mchango ulikuwa umetolewa kabla maandamano hayajaanza. Ni halali kuuliza kwa nini benki ifadhili polisi, na swali hilo ni zito. Lakini kuuhusisha na Zuccotti Park kulikuwa uzushi uliozaliwa na watu kutosoma tarehe. Tarehe 30 Septemba pia zilienea habari kwamba bendi ya Radiohead itapiga muziki uwanjani. Watu walijaa. Bendi haikuwa na mpango huo. Ukipokea ujumbe unaokufurahisha kupita kiasi, huo ndio wa kuuchunguza kwanza.

Habari inapohama mahali

London kuna somo ambalo sijaliona mahali pengine kwa uwazi kama pale. Tarehe 15 Oktoba 2011 waandamanaji walilenga Paternoster Square, lilipo Soko la Hisa la London. Eneo hilo ni mali ya watu binafsi, likafungwa. Wakapiga mahema jirani, mbele ya Kanisa Kuu la St Paul's. Tarehe 21 Oktoba kanisa likafungwa kwa sababu za afya na usalama, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita vya Pili vya Dunia. Kasisi Giles Fraser, aliyekuwa amewatetea, alijiuzulu tarehe 27. Mkuu wa kanisa, Graeme Knowles, alijiuzulu tarehe 31.

Kwa wiki kadhaa magazeti yalijaa kanisa: nani atajiuzulu, harusi zitafanyika wapi, mahujaji wataingiaje, Yesu angefanya nini. Ni maswali halali na baadhi yake ni mazuri mno. Lakini Soko la Hisa, lililokuwa hatua chache kutoka hapo, lilipotea kwenye kurasa za mbele. Hakuna aliyelazimika kulitetea. Hilo lilitokea bila njama yoyote. Mgogoro wa kanisa una watu, machozi na barua za kujiuzulu, na hesabu za hisa hazina. Basi habari ya maandamano ikiwa inaendelea kwa siku nyingi, angalia inamhusu nani leo na ilimhusu nani siku ya kwanza.

Hukohuko London, baadhi ya magazeti yaliripoti kwamba kamera za kupima joto zilionyesha mahema tisa kati ya kumi hayakuwa na mtu usiku. Habari ilionekana ya kisayansi na wanasiasa wakaidaka. Waandamanaji wakachukua kamera ya namna hiyo, wakaingia ndani ya hema mbele ya video, na kamera haikuwaonyesha. Kamera ya joto husoma joto la juu ya kitu. Kitambaa cha hema humficha aliye ndani. Mbele ya ushahidi wa mtambo, uliza mtambo huo unaweza kuona nini na hauwezi kuona nini, na kama gazeti limemwuliza mtu yeyote anayeujua.

Hata sentensi moja inaweza kuhama. Siku ya Daraja la Brooklyn, tovuti ya New York Times ilieleza kwanza kwamba polisi waliwaruhusu waandamanaji kuingia darajani kisha wakawazingira na kuwakamata. Ndani ya dakika kama 20 sentensi ilibadilishwa, na sasa watu walikamatwa baada ya wao kuingia kwenye njia ya magari. Mambo ni yaleyale, lawama imehamia upande wa pili. Ndiyo maana inafaa kuangalia katika kila sentensi ni nani mtendaji. “Vurugu zilizuka” haina mtendaji. Nani alianza, saa ngapi, nani aliona?

Na waandishi wakiondolewa, soma kwa tahadhari maradufu. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 2011, kama saa saba hivi, polisi waliivunja kambi ya Zuccotti Park. Waandishi walizuiwa kukaribia na kadhaa walikamatwa. Maelezo ya asubuhi yalitoka zaidi kwa ofisi ya meya, ambayo ilizungumzia usafi na hatari ya moto. Maelezo ya upande mmoja yanaweza kuwa sahihi, lakini bado ni ya upande mmoja.

Rudi baada ya miezi

Habari nyingi za maandamano huachwa siku mahema yanapong'olewa, na hapo ndipo ukweli wake huanza kutoka. Mwishoni mwa Septemba 2011 Bank of America ilitangaza kuwatoza wateja dola 5 kwa mwezi kwa kutumia kadi zao. Hasira ilikuwa kubwa, na tarehe 1 Novemba benki ikaachana na mpango huo. Siku nne baadaye, katika siku iliyoanzishwa na mtu wa kawaida nje ya Occupy, wateja wengi walihamisha akiba zao kutoka mabenki makubwa kwenda vyama vya akiba na mikopo, ndugu wa SACCOS zetu. Wanaosema maandamano hayabadilishi kitu ni nadra kulitaja jambo hilo.

Usiku kambi ilipovunjwa, maktaba ya waandamanaji yenye maelfu ya vitabu ilibebwa na magari ya usafi, na vingi viliharibiwa. Aprili 2013 jiji la New York lilikubali kulipa dola 47,000 kwa ajili ya vitabu hivyo, mbali na gharama za mawakili. Tafuta gazeti lililoweka habari hiyo mahali palepale lilipoweka picha za uchafu wa kambi.

Kisa cha mwisho ni cha Chuo Kikuu cha California, Davis. Tarehe 18 Novemba 2011 polisi wa chuo waliwapulizia dawa ya pilipili wanafunzi waliokaa chini wakiwa wameshikana mikono, wakipinga kupanda kwa karo na kuunga mkono Occupy. Chuo kilikubali kulipa jumla ya dola milioni 1, zikiwemo dola 30,000 kwa kila mmoja wa walalamikaji 21. Mwaka 2016 gazeti la Sacramento Bee lilifichua kwamba chuo hicho kilikuwa pia kimewalipa washauri dola zisizopungua 175,000 wasafishe jina lake mtandaoni, ili anayelitafuta asikutane kwanza na picha zile.

Kwa hiyo habari unayoiona ni muhimu usiiache mtandaoni ukitegemea kuikuta kesho. Piga picha ya ukurasa siku hiyohiyo pamoja na tarehe na saa, andika jina la chombo na la mwandishi, hifadhi video kamili kabla haijakatwa, na weka alama kwenye kalenda yako ya simu urudi kuitafuta baada ya miezi sita.